Maktaba ya Umma Ipimwe kwa Muda wa Msomaji

Taarifa za maktaba za umma katika nchi zetu hufanana sana. Hutaja idadi ya matawi, idadi ya vitabu, idadi ya watumishi na majengo yaliyokarabatiwa. Hizo ni hesabu za mali, na mkaguzi anazihitaji. Lakini hazisemi lolote kumhusu mtu aliyetoka nyumbani kwake akitafuta kitabu: alipanda magari mangapi, alikuta mlango wazi au umefungwa, alipata alichokifuata au aliondoka mikono mitupu, na kama aliondoka mikono mitupu, je, alirudi tena? Huduma inaweza kuwa na malaki ya vitabu na bado isimfae mtu huyu hata kidogo. Ninashikilia kwamba ufanisi wa maktaba ya umma upimwe kwa jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni gharama anayoibeba msomaji, kwa muda, kwa nauli na kwa usumbufu, hadi kile anachokihitaji kiwe mkononi mwake. Maktaba inayoipunguza gharama hiyo inastahili kila shilingi inayopewa. Isiyoipunguza itabaki kuwa ghala la vitabu, hata kama jengo lake ni jipya.

Kipimo hiki kina umri mkubwa. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, alichapisha kanuni tano za ukutubi ambazo hadi leo hufundishwa vyuoni. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Ya pili na ya tatu zinataka kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kimpate msomaji wake. Ya nne inaagiza kuokoa muda wa msomaji. Ya tano inakumbusha kwamba maktaba ni kitu kinachokua. Ranganathan alikuwa amesomea na kufundisha hisabati kabla ya kuingia maktabani, na kanuni zake zinasomeka kama za mtu aliyezoea kutafuta kiini cha jambo. Kwa maoni yangu kiini hicho kimo katika kanuni ya nne, kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Mwaka huohuo wa 1931, jijini Nairobi, ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo la nguzo nzito na sanamu za simba mlangoni. Kwa zaidi ya miongo miwili ilikuwa ya Wazungu pekee. Kwa wakazi wengi wa Nairobi wa wakati ule, gharama ya kukipata kitabu kimoja kilichokuwa katika rafu zile haikuwa na kikomo. Ubaguzi wa rangi uliondoka. Vizuizi vingine vimebaki, vya chini kwa chini, na kwa kuwa havikuandikwa mlangoni ni rahisi kutoviona.

Tanganyika ilipopata uhuru ilianza kwa mpango mzuri. Ripoti ya Sydney Hockey ya mwaka 1960 kuhusu maktaba za Afrika Mashariki ilipendekeza huduma zilizopangwa kitaifa badala ya vimaktaba vilivyotawanyika bila uhusiano. Sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mantiki ya mpango huo bado ina nguvu: kituo kimoja kinunue vitabu kwa wingi, kiviorodheshe mara moja, kisha kivisambaze mikoani vikiwa tayari kuwekwa rafuni. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipopamba moto miaka ya 1970, maktaba za vijijini zilianzishwa kwa wingi ili waliojifunza kusoma wasije wakasahau. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walipungua kutoka takribani theluthi mbili mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Ni nchi chache duniani zilizopiga hatua ya namna hiyo ndani ya kizazi kimoja, na maktaba za vijijini zilikuwa sehemu ya juhudi hiyo.

Hata hivyo nyingi ya maktaba hizo zilikufa, na namna zilivyokufa inafundisha kuliko namna zilivyozaliwa. Zilipewa vitabu mara moja. Vilikuwa vijitabu vya kilimo, vya afya na vya siasa, na vingi vilikuwa vizuri, lakini msomaji akishavimaliza hakukuwa na vingine. Uchumi ulipobana mwishoni mwa miaka ya 1970, mafuta ya magari ya maktaba yakakosekana, karatasi ikawa adimu, na aliyekabidhiwa kabati la vitabu kijijini akawa na kazi zake za kujikimu. Diana Rosenberg, aliyeandika mwaka 1993 kuhusu uhai wa maktaba za Afrika, alionyesha mwendo huohuo ukijirudia nchi baada ya nchi: shamrashamra za mwanzo, kisha vitabu kuchakaa bila kubadilishwa, wahudumu kukata tamaa, mwisho mlango kufungwa. Miaka kumi na mmoja kabla yake, msomi wa Tanzania Kingo Mchombu alikuwa amekwisha kuandika kwamba ukutubi katika nchi maskini lazima uanzie kwenye umaskini wenyewe, yaani kwenye hali halisi ya mtu anayehudumiwa, badala ya kuiga taratibu za nchi tajiri na kusikitika kwamba fedha hazitoshi. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na tatizo walilolieleza bado tunalo. Uzinduzi hupata mfadhili na picha gazetini. Mwaka wa nne, ambapo kinachohitajika ni vitabu vipya mia mbili, balbu na mshahara wa mtu mmoja, haupati yeyote.

Tuanze na umbali, kwa kuwa ndio unaowazuia wengi zaidi. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Mkazi wa Chanika au Mbagala anayetaka kuazima kitabu Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, analipa nauli ya kwenda, analipa ya kurudi, na wiki chache baadaye analipa tena zote mbili ili akirudishe. Kitabu kinachoazimwa bure kinaweza hivyo kumgharimu karibu sawa na kile cha mtumba kinachouzwa barabarani, tena kabla hatujahesabu saa alizopoteza kwenye foleni ya magari. Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, wakati huduma yake ya taifa ya maktaba ikiwa na matawi yapatayo 60. Ukigawanya, kila tawi linabeba zaidi ya watu laki saba. Hakuna mkutubi, awe hodari vipi, anayeweza kuwahudumia watu laki saba. Kwa hiyo tunapoona takwimu ndogo za matumizi, swali la kwanza linapaswa kuwa ni wangapi wanaoweza kufika kwa miguu.

Garissa ilijibu swali hilo kwa akili ya mahali pake. Mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ya Kenya ilianza kutumia ngamia kupeleka vitabu kwa jamii za wafugaji katika eneo ambalo magari hayapiti kirahisi na makazi yenyewe huhama. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea, na watoto hukalia mkeka. Wageni huipiga picha huduma hiyo kama kitu cha kushangaza, lakini haina cha kushangaza: ni hesabu ya gharama iliyofanywa sawasawa. Ni nafuu ngamia watatu wawafuate wasomaji mia moja kuliko wasomaji mia moja kila mmoja atembee siku nzima kuifuata maktaba. Nchini India, mwaka ule ule wa kitabu cha Ranganathan, gari la kukokotwa na ng'ombe lilianza kuzungusha vitabu katika vijiji vya Mannargudi kwa hoja hiyohiyo.

Mjini hoja ni ileile, ila chombo ni kingine. Katika Eastlands, Nairobi, kuna matawi mawili madogo ya McMillan, Kaloleni na Makadara, yaliyokuwa yamechakaa kwa miaka mingi. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliingia mkataba na serikali ya jiji kuyafufua. Ninalolipenda katika kazi yao ni mpangilio wake. Hawakuanza na rangi za kuta. Waliwauliza wakazi wanataka maktaba iwe nini, wakaorodhesha vitabu vilivyomo, kisha wakajenga. Tawi dogo ambalo mtoto wa darasa la nne anaweza kulifikia akiwa peke yake, bila kuvuka barabara kuu na bila nauli, lina thamani kuliko ghorofa katikati ya mji, na kama ningelazimishwa kuchagua mahali pa kuweka bajeti moja ndogo ningechagua tawi hilo bila kusita. Atakayesema matawi madogo huwa na vitabu vichache anasema kweli, lakini dawa yake inajulikana. Singapore huruhusu kitabu kilichoazimwa tawi moja kirudishwe tawi lolote, iliweka baadhi ya maktaba ndani ya maduka makubwa ambako watu tayari wanapita, na mwaka 1998 ilianza kubandika chipu kwenye vitabu ili msomaji ajiazimie mwenyewe bila kupanga foleni. Chipu zinaweza kusubiri. Kuvizungusha vitabu kati ya matawi ya mji mmoja hakuhitaji zaidi ya bodaboda, mfuko imara na daftari linalotunzwa vizuri.

Baada ya umbali huja saa. Maktaba nyingi za Afrika Mashariki hufungwa Jumapili, na siku za kazi hufuata zaidi ratiba ya ofisi za serikali. Maana yake ni kwamba huwa wazi zaidi wakati fundi yuko gereji, mama lishe yuko jikoni, karani yuko mezani na mwanafunzi yuko darasani. Kufunga mapema huonekana kama kubana matumizi, kwa kuwa umeme hautumiki na posho ya saa za ziada hailipwi. Lakini gharama haikuondoka. Imehamishwa kutoka kwa bodi kwenda kwa msomaji, ambaye sasa lazima aombe ruhusa kazini au aache kabisa. Jengo, vitabu na mshahara vimeshalipiwa, iwe mlango uko wazi au umefungwa. Kila saa ya ziada ambayo watu wanaweza kuja hugawanya gharama hiyo kwa watu wengi zaidi. Kama fedha za kuongeza saa hazipo kabisa, basi saa zilezile zihamishwe: maktaba ifunguliwe saa sita mchana na kufungwa saa mbili usiku siku mbili kwa wiki, na ifunguliwe Jumapili alasiri badala ya Jumatatu asubuhi. Hilo linahitaji makubaliano na watumishi, tena ya haki, pamoja na usafiri wa kurudi nyumbani usiku. Halihitaji jengo.

Kisha msomaji akiingia, anakuta nini rafuni? Hapa ndipo panaponiumiza zaidi. Maktaba zetu zimetegemea kwa miaka mingi vitabu vya msaada kutoka nje, na baadhi ya mashirika yanayovituma hufanya kazi kwa uangalifu mkubwa na hupeleka vitabu vipya vilivyoombwa. Lakini msaada usiochaguliwa na mpokeaji huleta vitabu vya programu za kompyuta ambazo hazitumiki tena, sheria za nchi nyingine na riwaya ambazo hata kwao hazikununuliwa. Mkutubi huogopa kuviondoa, kwa sababu idadi ya vitabu ndiyo inayotajwa kwenye taarifa ya mwaka. Matokeo yake ni rafu iliyojaa ambayo msomaji huitazama dakika kumi na kuhitimisha kwamba hakuna chake. Rafu ni kama shamba: isipopaliliwa, kilichopandwa hakionekani. Vitabu elfu tatu vinavyotembea mikononi mwa watu ni hazina kubwa kuliko elfu thelathini vinavyokusanya vumbi, na bodi inayoogopa kupunguza namba yake inajidanganya yenyewe.

Kinachokosekana zaidi ni vitabu vya Kiswahili vya kusoma kwa hiari, vya watoto na vya watu wazima, vilivyoandikwa leo. Wachapishaji husema hawavichapishi kwa kuwa havina soko nje ya shule. Maktaba husema hazivinunui kwa kuwa havipo. Fundo hili limewahi kufunguliwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala za kitabu kinachokidhi viwango zingenunuliwa na kupelekwa shuleni, na kwa hakikisho hilo vitabu vingi vya watoto kwa Kiswahili viliona mwanga ambavyo bila hivyo visingechapishwa. Norway, ambayo ilipoanza mpango wake mwaka 1965 ilikuwa na watu wachache kuliko Dar es Salaam ya leo, hununua nakala za vitabu vipya vya fasihi ya Kinorwe na kuzigawa kwa maktaba zake zote, na lugha hiyo ndogo imeendelea kuwa na waandishi wa hadhi ya dunia. Kiswahili kina wasemaji wengi mno kuliko Kinorwe. Bodi za maktaba za Tanzania na Kenya zikikubaliana kununua pamoja, kila mwaka, nakala kadhaa za kila kitabu bora kipya cha Kiswahili kwa kila tawi, zitakuwa zimejaza rafu zao na papo hapo kumpa mwandishi sababu ya kuandika. Wakati huohuo serikali isichukue kwa mkono wa kushoto inachotoa kwa wa kulia: mwaka 2013 Kenya iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye vitabu, na kodi hiyo huila pia bajeti ya mnunuzi wa maktaba.

Yuko pia msomaji ambaye kwake gharama ni kubwa kuliko ya wote, naye ni asiyeona. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, huruhusu kitabu kigeuzwe kuwa cha nukta nundu au cha sauti bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Sheria imefungua mlango. Maktaba chache sana ndizo zilizoweka kitu nyuma yake. Simu za kawaida na wasomaji wa kujitolea wenye sauti nzuri zingetosha kuanza kutengeneza hazina ya vitabu vya kusikiliza kwa Kiswahili, na maktaba ya umma ndiyo mahali pake.

Halafu kuna taratibu. Kujiunga na maktaba mara nyingi humaanisha fomu, picha za pasipoti, ada na mdhamini mwenye kazi inayotambulika. Anayebuni taratibu hizi hufikiria kitabu kitakachopotea. Hafikirii binti wa miaka kumi na tisa, mpangaji, muuza genge, ambaye hana mdhamini wa kumwandikia barua na anaondoka bila kurudi. Kitabu kilichopotea huonekana kwenye hesabu. Msomaji aliyepotea haonekani popote. Faini hufanya kazi hiyohiyo. Oktoba 2019 Maktaba ya Umma ya Chicago ilifuta faini za kuchelewesha vitabu na kusamehe madeni ya nyuma, ikibakiza tu wajibu wa kurudisha kitabu au kukilipia kilichopotea. Vitabu vilivyokuwa nje kwa muda mrefu vikaanza kurudi, na wasomaji wakarudi pamoja navyo. New York ikafuata mwaka 2021. Watu walikuwa hawarudishi vitabu kwa kuogopa deni. Kitambulisho cha taifa na namba ya simu vinatosha kumwamini mtu kwa kitabu kimoja. Akikirudisha, apewe viwili.

Wapo watakaosema haya yote ni kupoteza nguvu, kwa kuwa watu wetu hawana utamaduni wa kusoma. Kauli hii husemwa mara nyingi kiasi kwamba imeanza kuaminiwa bila ushahidi. Pita maktaba yoyote ya mkoa au ya kaunti karibu na mitihani ya taifa utazame viti. Vimejaa, na wengine wamesimama ukutani. Jibu linalotolewa ni kwamba hao si wasomaji wa kweli, kwa sababu wamekuja na madaftari yao na hawagusi vitabu vya rafuni. Mimi naona ushahidi mwingine kabisa. Mwanafunzi anayesafiri hadi maktaba ili asome daftari lake mwenyewe anatuambia kwamba nyumbani hakuna meza, hakuna ukimya, pengine hakuna taa. Anatumia maktaba kwa kile inachompa. Kumdharau kwa sababu hajaazima riwaya ni kudai atimize lengo letu kabla hatujatimiza lake. Ni huyohuyo atakayekuwa mtu mzima baada ya miaka mitano, na kama maktaba haina kitu kimoja cha kumvutia siku mtihani umekwisha, kosa si lake. Mtu hajengi mazoea ya kusoma vitabu ambavyo havipo, kwa lugha asiyoifurahia, katika saa ambazo yuko kazini.

Hoja ya pili ni ya simu. Kila kitu kiko mtandaoni, husemwa, maktaba zimepitwa na wakati. Finland ni miongoni mwa nchi zilizounganishwa vizuri zaidi duniani, na wakazi wake kabla ya janga la korona walikuwa wakiazima maktabani vitu kama 15 kwa kila mtu kwa mwaka; Desemba 2018 Helsinki ilifungua maktaba kuu mpya, Oodi, katikati ya jiji, mkabala na bunge. Sheria ya nchi hiyo inahakikisha kuazima ni bure. Kama intaneti ingeua maktaba, ingeanzia huko. Kwetu hoja ni dhaifu zaidi, kwa sababu kifurushi cha data kinalipiwa, kioo cha simu ni kidogo, na vitabu vya Kiswahili vilivyo halali mtandaoni ni vichache. Maktaba iliyo na intaneti ya bure na mtu wa kumwonyesha mgeni jinsi ya kujaza fomu ya ajira au ya mkopo wa elimu ya juu inapunguza gharama ya msomaji kwa kiwango ambacho simu pekee haiwezi. Vifaa vya kidijitali vinafaa pia palipo na mpango: mwaka 2014 shirika la Worldreader lilianza kupeleka visomeo vya kielektroniki katika maktaba chache za magharibi mwa Kenya, kisha mradi ukapanuliwa hadi maktaba zote 61 za huduma ya taifa. Uamuzi wa kuwafundisha wakutubi kabla ya kugawa vifaa ndio ninaouona wa busara zaidi katika mradi ule.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya fedha. Zahanati haina dawa, shule haina madawati. Kwa nini maktaba? Sitajifanya kwamba swali hili ni jepesi. Lakini mengi niliyoyataja, yaani kuhamisha saa, kulegeza masharti ya uanachama, kufuta faini, kupalilia rafu na kuzungusha vitabu, hayahitaji fedha nyingi mpya. Na maktaba ni miongoni mwa huduma chache ambazo kitu kilekile hutumika mara nyingi: kitabu kimoja cha kiada kikiazimwa mara thelathini kimezisaidia familia thelathini ambazo zisingekinunua. Wengine hupendekeza maktaba ijilipie kwa ada za kiingilio. Ada ndogo huingiza fedha ndogo na huwafukuza kwanza wale ambao maktaba ilijengwa kwa ajili yao. Mwenye uwezo wa kulipa kwa kawaida ana meza nyumbani. Tumeona pia ubanaji usio na mpango unakoishia. Uingereza, nchi iliyotunga sheria ya maktaba za umma tangu 1850, ilipoteza karibu maktaba 800 kati ya 2010 na 2019 baada ya bajeti za halmashauri kukatwa. Saa zilipunguzwa, vitabu vipya vikapungua, watu wakaacha kuja, kisha kutokuja kwao kukatumika kama sababu ya kufunga. Mzunguko huo tunaufahamu vizuri huku kwetu, tofauti ni kwamba sisi tuliuanza kabla hata ya kujenga matawi ya kutosha.

Kuhusu watumishi nitasema machache ingawa ndio wanaobeba yote. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi tangu mwaka 1989, na maarifa yapo. Lakini mkutubi anayepimwa kwa vitabu visivyopotea atakuwa mlinzi, na anayepimwa kwa wasomaji waliopata walichokitaka atakuwa mwongozaji. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kipimo. Ndiyo maana narudi kwenye taarifa za mwaka. Bodi ikitangaza ni sehemu gani ya vitabu vyake iliazimwa angalau mara moja mwaka uliopita, ni saa ngapi kwa wiki milango huwa wazi baada ya saa za kazi, ni wakazi wangapi wanaweza kufika tawi lolote kwa miguu, na kitabu kilichoombwa na msomaji huchukua siku ngapi kufika, tutajua hali ya maktaba zetu kuliko tunavyoijua sasa. Takwimu hizo hazihitaji mtaalamu kutoka nje. Mkutubi mwenye daftari la mikopo na ratiba ya mlangoni anaweza kuzipata nyingi kwa wiki moja.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Nchini Tanzania, bodi ya taifa ndiyo yenye dhamana kisheria, lakini halmashauri zinaweza kutoa chumba, na nyingi zina vyumba visivyotumika. Kwa hiyo mtu wa kuulizwa yuko karibu kuliko tunavyodhani. Kikao cha bajeti kitakapofika, mwendee diwani wako au mwakilishi wako wa wadi, umuulize maktaba iliyo karibu ina vitabu vingapi vipya vya Kiswahili mwaka huu na hufungwa saa ngapi. Akikosa jibu, mwombe mwende pamoja mkaangalie, Jumapili alasiri.